Kukiri si Kutubu: Scream 2 na Uhakiki Unaosifu Kinaya

Utangulizi

Filamu mwendelezo haijapata wakili mwema katika idara za fasihi. Kazi ya kwanza huhesabiwa kuwa zao la ubunifu. Ile inayoifuata, yenye wahusika wale wale na hatari ile ile, huhesabiwa kuwa zao la biashara. Inapokuwa ni filamu ya kutisha, hukumu hutolewa kabla ushahidi haujasikilizwa. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana sababu nzuri ya kuishuku hukumu hiyo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alitokea katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akarudi katika Kisima cha Giningi (1968) na katika riwaya nyingine kadhaa baadaye, wala hakuna mhakiki makini anayeweza kudai kwamba kurudi kwake kulikuwa kosa kwa sababu tu kulikuwa ni kurudi. Kazi hupimwa kwa kile inachokifanya, si kwa nafasi yake katika foleni.

Hata hivyo, makala haya hayakusudii kupigana na wale wanaozidharau filamu hizi. Hao ni wapinzani wepesi. Wapinzani wazito zaidi ni wale wanaozitetea kwa hoja mbovu, na hakuna filamu iliyotetewa kwa hoja mbovu kwa bidii kubwa kama Scream 2. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Wes Craven kutokana na mswada wa Kevin Williamson, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 12 Desemba 1997, ilhali ile ya kwanza, Scream, ilikuwa imetoka tarehe 20 Desemba 1996. Mwaka mmoja haukuwa umetimia. Utanzu wake ni ule wa uchinjaji, yaani filamu ambamo mwuaji asiyejulikana huwaua vijana mmoja baada ya mwingine, aghalabu kwa kisu, mpaka msichana mmoja abaki kumkabili. Msichana huyo hapa ni Sidney Prescott, aliyenusurika mauaji ya mji wa Woodsboro katika filamu ya kwanza na ambaye sasa ni mwanafunzi wa Chuo cha Windsor. Mauaji yanaanza upya pale inapozinduliwa filamu ya kubuni iitwayo Stab, inayosimulia masaibu yake mwenyewe.

Utetezi uliozoeleka wa Scream 2 unasema hivi: filamu hii ni bora kwa kuwa inajijua. Wahusika wake wanajadili miendelezo wakiwa ndani ya mwendelezo. Wanazitaja kaida za utanzu huku kaida hizo zikiwaangamiza. Wanalalamikia kasoro za filamu za kutisha kabla filamu yao haijazirudia. Kwa mujibu wa watetezi hawa, kujijua huko ndiko kunakoitenga kazi ya Craven na takataka za wenzake. Hoja itakayotetewa hapa ni kinyume cha hiyo. Scream 2 ingali filamu nzuri, na katika sehemu fulani ni nzuri kuliko ilivyodhaniwa mwaka 1997. Lakini uzuri wake haumo katika maneno inayojisemea. Maneno hayo ndiyo yaliyozeeka. Kilichobaki hai ni uchunguzi wake wa kitendo cha kutazama, na uchunguzi huo hufanyika pale ambapo wahusika wameacha kutoa mihadhara.

Ukumbi ndani ya ukumbi

Onyesho la kwanza linastahili kusomwa polepole. Maureen Evans na Phil Stevens, wanafunzi wawili Weusi wa Windsor, wamo katika foleni ya kuingilia ukumbi wa sinema. Maureen hataki kuitazama Stab. Angependelea filamu ya Sandra Bullock inayoonyeshwa penginepo, na anatoa sababu zake waziwazi: hii ni hadithi ya wasichana wa Kizungu wanaokatwakatwa, na utanzu wenyewe una historia ndefu ya kuwatenga watu Weusi. Mlangoni, kila mtazamaji anapewa bure vazi jeusi na kinyago cheupe cha mwuaji, pamoja na kisu cha plastiki. Ndani ya ukumbi, mamia ya vijana waliovaa sura ya mwuaji wanarukaruka, wanachomana visu vya bandia na kulishangilia jina la filamu.

Phil anakwenda msalani na kuuawa kwa kisu kilichopenya ukuta mwembamba wa choo alipokuwa ametega sikio. Mwuaji analivaa koti lake na kuja kuketi kando ya Maureen. Msichana huyu, ambaye kufikia hapo ameanza kutishika na kuifurahia filamu aliyoidharau, anamwegemea akidhani ni mpenzi wake. Anapochomwa, anapepesuka katikati ya watazamaji wanaocheka. Wanadhani ni sehemu ya matangazo ya biashara. Anapanda jukwaani, anasimama mbele ya pazia ambapo mwanamke mwingine, wa kubuni, anafukuzwa na mwuaji wa kubuni, na anapiga ukelele mrefu. Ndipo ukumbi unaponyamaza. Vinyago vinavuliwa kimoja kimoja, na nyuma yake zinaonekana nyuso za vijana wa kawaida, zilizoduwaa.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Onyesho hili ni ufafanuzi wa methali hiyo kwa picha. Damu ya pazia iliwafurahisha. Damu ya jukwaa inawanyamazisha. Na tofauti ya pekee kati ya damu hizo mbili ni kwamba wameambiwa ipi ni ya kweli. Mtazamaji wa Scream 2, aliyeketi katika ukumbi unaofanana na ule, hana pa kujificha. Yeye pia amelipa kiingilio, anakula bisi na kusubiri mtu afe. Anajua kwamba Maureen si mwigizaji wa matangazo, lakini anajua vilevile kwamba Jada Pinkett, anayemwigiza, ameondoka studio akiwa mzima. Amewekwa katikati ya ujuzi huo, na hakuna mhusika anayejitokeza kumtoa hapo kwa mzaha.

Huku ni kujirejelea pia, na itakuwa udanganyifu kulikana jambo hilo. Filamu inaionyesha filamu. Lakini kuna tofauti ya msingi kati ya kujirejelea kunakomgharimu mtu kitu na kujirejelea kunakonunua msamaha. Katika onyesho la ukumbini, mtazamaji anatozwa: anapoteza haki ya kudhani kwamba furaha yake haina mhanga. Jambo hili linatendeka kwa mpangilio wa picha, kwa sauti, na kwa muda mrefu usio wa kawaida ambao mwanamke mmoja anapewa ili afe mbele ya kadamnasi. Hakuna kauli inayoweza kukatwa kutoka humo ikawekwa katika tasnifu. Yumkini ndiyo sababu watetezi wa filamu hii hulipita onyesho hilo kwa haraka na kukimbilia darasani.

Hesabu ya wahusika Weusi

Onyesho hilo hilo, hata hivyo, linaacha deni. Maureen ameushtaki utanzu mzima kwa kuwatenga watu Weusi, na dakika chache baadaye yeye na Phil ndio maiti za kwanza. Watetezi hujibu kwamba hicho ni kinaya: filamu inajua inachokifanya. Jibu hilo linahitaji kuchunguzwa kwa sababu limekuwa jibu la kila swali.

Scream ya 1996 haikuwa na mhusika Mweusi mwenye uzito wowote. Mwendelezo uliliona pengo hilo na ukaleta wahusika wanne wanaopewa majina na maneno ya maana: Maureen, Phil, Hallie na Joel. Watatu kati yao wanauawa. Hallie, rafiki wa Sidney anayeishi naye chumba kimoja, anakufa baada ya Sidney kuamua kurudi kwenye gari kumfunua mwuaji, licha ya Hallie kumsihi waondoke. Anauawa akisubiri. Kifo chake kinatokana moja kwa moja na kosa la mhusika mkuu, lakini msuko haumpi mhusika mkuu nafasi ya kulijibu kosa hilo. Filamu iliyoanza kwa kulalamika kwamba watu Weusi hutengwa inamalizika ikiwa imewaingiza ili wauawe.

Kinaya kinataja desturi, hakiivunji. Mtu anayemwambia mwenzake, "Najua ninakuibia," na kuendelea kuiba, hajawa mwaminifu kuliko mwizi mwingine. Amekuwa tu mwizi msemaji. Hapa inafaa kukumbuka Night of the Living Dead ya George A. Romero (1968). Ben, mhusika mkuu Mweusi, ananusurika usiku mzima wa maiti zinazotembea, kisha asubuhi anapigwa risasi na kundi la raia wenye bunduki wanaomdhania kuwa mmoja wa maiti hizo. Hakuna mhusika anayetoa hotuba juu ya rangi ya Ben. Msuko wenyewe ndio unaotoa shtaka, na shtaka hilo halijapoa. Get Out ya Jordan Peele (2017) nayo ilijenga hofu yake yote juu ya jambo ambalo Maureen analisema kwa sentensi mbili tatu akiwa foleni. Kati ya filamu hizo mbili, Scream 2 inaonekana kama kazi iliyolijua tatizo na kudhani kwamba kulijua kunatosha.

Joel pekee ndiye anayeutatiza uamuzi huu, na inashangaza kwamba hazungumziwi inavyostahili. Joel ni mpigapicha wa mwanahabari Gale Weathers. Amesoma historia ya mauaji ya Woodsboro, anajua kwamba mpigapicha aliyemtangulia aliuawa, na anajua kwamba watu wenye rangi yake hawadumu katika hadithi za namna hii. Kwa hiyo anaacha kazi na kuondoka. Hafanyi ushujaa wowote. Anaondoka tu, na anaishi. Filamu inamtumia kama kichekesho, lakini kitendo chake ndicho uhakiki wa kina kuliko yote iliyomo. Mtu ambaye kazi yake ni kuwapiga picha wanaoteseka anaiweka kamera chini. Wakati wahusika wengine wanazijadili kaida, yeye anakataa kuwa mhusika. Ni kweli kwamba mwishoni anarudi na kamera yake mauaji yakiwa yamekwisha, na urejeo huo unaonyesha woga wa filamu: haikuthubutu kuuacha uamuzi wake usimame.

Kifo cha mhakiki

Sehemu inayonukuliwa mno ni ile ya darasa la nadharia ya filamu. Wanafunzi wanajadili iwapo Stab imewafunza watu kuua, kisha mjadala unageukia swali la iwapo mwendelezo unaweza kuipita kazi ya kwanza. Aliens, Terminator 2 na The Godfather Part II zinatajwa. Randy Meeks, mpenzi wa filamu aliyenusurika Woodsboro, anashikilia kwamba miendelezo ni duni kwa asili yake. Baadaye anamtajia Dewey kanuni za mwendelezo: maiti lazima ziongezeke, na vifo lazima viwe vya madoido na damu zaidi.

Mwaka 1997 mazungumzo haya yalikuwa na upya fulani. Leo hayana. Scream ya 2022 na Scream VI ya 2023 zote zina mhusika anayesimama na kuzisoma kanuni za aina ya filamu anamojikuta, na mhusika huyo, Mindy, ni mpwa wa Randy. Yaani hata uhakiki umekuwa mali ya urithi wa ukoo. Kilichokuwa uvunjaji wa kaida kimekuwa kaida. Mtazamaji anaisubiri hotuba ya kanuni kama anavyousubiri mlango ulioachwa wazi na simu inayolia usiku. Anayeisifu Scream 2 kwa hotuba hiyo anaisifu kwa kitu ambacho wakati umekwisha kukinyang'anya thamani.

Lakini filamu yenyewe haiamini hotuba ya Randy, na hapa ndipo watetezi wake walipokosa kuisoma. Randy anauawa mchana kweupe, katika uwanja wa chuo uliojaa wanafunzi, ndani ya gari la matangazo lililoegeshwa hatua chache tu kutoka kwa Gale na Dewey. Kaida zote alizozijua zilimwambia ajihadhari na giza, upweke na nyumba tupu. Ujuzi wake haukumsaidia kitu. Isitoshe, sababu ya kifo chake inafichuliwa mwishoni: akiwa kwenye simu na mwuaji, alimdhihaki Billy Loomis, kijana aliyekuwa mwuaji katika filamu ya kwanza, akamfanya mfano duni wa wauaji walio mashuhuri zaidi. Aliyekuwa akimsikiliza upande wa pili alikuwa mama mzazi wa Billy.

Kwa maneno mengine, mhakiki anauawa kwa kumgeuza marehemu kuwa kielelezo cha utanzu. Billy alikuwa mwuaji, na hakuna anayedai kwamba alistahili heshima. Lakini kwa mama yake hakuwa kielelezo cha chochote. Alikuwa mwana. Randy hakuliona hilo kwa sababu lugha yake haikuwa na nafasi ya kulionea. Mhakiki anayeketi katika idara ya fasihi na kuicheka filamu hii kwa werevu wa Randy angefanya vyema kujiuliza ni nani aliye upande wa pili wa simu.

Kioo, pazia na gari

Kifo cha Randy ni kimoja katika mfululizo wa matukio yaliyopangwa kwa mantiki moja. Gale na Dewey wanamtafuta mwenye simu miongoni mwa umati ilhali mauaji yanatendeka karibu nao. Katika onyesho jingine, Gale yumo nyuma ya kioo kisichopitisha sauti cha studio ya kurekodia, anamwona Dewey akichomwa kisu upande wa pili, wala hawezi kumsikia wala kumfikia. Kabla ya hapo, wawili hao wameketi katika ukumbi wa mihadhara wakitazama kanda za video, mara pazia likaanza kuwaonyesha wao wenyewe: mtu alikuwa akiwapiga picha wakati ule ule. Ukumbi wa Maureen, gari la Randy, kioo cha Gale na pazia la kanda vinaungana. Katika kila kimoja kuna mtu anayetazama na asiyeweza, au asiyetaka, kusaidia.

Hii ndiyo dhamira halisi ya Scream 2. Inajengwa kwa mahali pa kamera na kwa ukimya, na inaulizia uhalali wa kazi ya Gale, aliyeandika kitabu juu ya mauaji ya Woodsboro na kukiuza kwa watunzi wa Stab. Swali lake halihusu miendelezo hata kidogo. Linahusu mtu anayenufaika kwa kuyaangalia mateso ya mwenzake, na kwa hiyo linamhusu mwanahabari, mtunzi, mtazamaji na mhakiki kwa pamoja.

Onyesho la gari la polisi linaonyesha uwezo wa Craven pale anapoacha kabisa kujieleza. Mwuaji amewaua maafisa waliokuwa wakimlinda Sidney, ameliendesha gari lao na kuligonga, na sasa amezirai kwenye usukani. Sidney na Hallie wamekwama kiti cha nyuma. Milango ya nyuma haifunguki kutoka ndani, na njia ya pekee ni kupita kiti cha mbele, juu ya mwili wa mwuaji, na kutokea dirishani. Mmoja anapita, kisha mwingine. Kinyago kimo kiasi cha shubiri moja kutoka usoni mwao. Hapana muziki wa kejeli, hapana mzaha, hapana hotuba juu ya kaida. Aristotle alifundisha kwamba tanzia huamsha huruma na hofu. Hapa vyote viwili vinaamshwa kwa zana duni kuliko zote, yaani mwili mmoja unaojaribu kupita juu ya mwingine bila kuugusa. Hadi leo onyesho hili halijapoteza hata chembe ya taharuki yake, kwa kuwa halikutegemea mtazamaji ajue filamu nyingine yoyote.

Carol J. Clover, katika Men, Women, and Chain Saws (1992), alionyesha kwamba mtazamaji wa utanzu huu, hata akiwa mwanamume, huongozwa hatimaye kujinasibisha na msichana anayebaki hai. Onyesho la gari linathibitisha hoja hiyo na pia linaitia doa: wasichana ni wawili, wanateseka sawa, na mmoja tu ndiye ambaye utanzu umemwandalia nafasi ya kubaki.

Mama na Cassandra

Hatima ya filamu imelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki. Wauaji ni wawili. Wa kwanza ni Mickey, mwanafunzi wa darasa lile lile la filamu, ambaye nia yake ni kukamatwa na kujitetea mahakamani kwa kudai kwamba sinema ndizo zilizomharibu. Wa pili ni Bi Loomis, mama yake Billy, aliyekuwa akijificha katika sura ya mwanahabari wa eneo hilo. Mickey anaeleza mpango wake kwa madaha. Bi Loomis anampiga risasi na kusema kwamba yeye anataka kisasi tu.

Onyesho hili linatendeka kwenye jukwaa la tamthilia ambamo Sidney anaigiza kama Cassandra, binti wa Troy aliyepewa na Apollo kipawa cha kuona yajayo na laana ya kutosadikiwa. Katika Agamemnon ya Aeschylus, iliyoigizwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, Cassandra anauawa pamoja na Agamemnon na Clytemnestra, mama ambaye miongoni mwa sababu zake ni kulipiza kisasi cha mtoto aliyetolewa kafara. Mama mwenye mtoto aliyekufa, kisu mkononi, na Cassandra mbele yake: mwingilianomatini huu si pambo. Mickey ndiye mwuaji wa nadharia, anayeua ili awe mada ya mjadala. Bi Loomis ni mwuaji wa zamani kuliko nadharia yoyote. Anapompiga risasi Mickey, filamu inawaondoa jukwaani wale waliodhani kwamba ilikuwa inahusu filamu.

Hata hivyo, Craven na Williamson hawakuwa na ujasiri wa kuyafuata waliyoyaanzisha. Mama huyu anapewa dakika chache tu, na katika dakika hizo anaigizwa kwa macho yaliyotoka pima kana kwamba huzuni yake ni wazimu mtupu. Isitoshe, lawama yake inamwelekea mama yake Sidney, aliyevunja ndoa yake. Hivyo mzigo wa mauaji ya filamu mbili unatupwa tena juu ya mwanamke mmoja aliyekwisha kufa na asiyeweza kujitetea. Tanzia ilikuwa mlangoni, na filamu ikaufunga mlango ili ikimbilie risasi za mwisho. Hapa ndipo kasoro yake kubwa ilipo, na ni kasoro ambayo uhakiki wa kinaya hauwezi hata kuiona, kwa sababu hauna hamu ya kuuliza iwapo mhusika amepewa haki yake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Scream 2 ina sehemu zilizohifadhika na sehemu zilizooza, na kwamba mstari unaozigawa hauko pale ulipochorwa na watetezi wake. Darasa, kanuni na orodha za miendelezo bora vimechakaa. Ukumbi, kioo, gari na jukwaa vingali vinauma. Kuhusu wahusika wake Weusi, filamu hii inadaiwa hadi leo, na kukiri kwake mapema hakulipunguzi deni; kukiri si kutubu.

Jambo hili lina uzito nje ya filamu moja ya mwaka 1997. Katika masomo ya fasihi imekuwa ada kwa mwanafunzi kuthibitisha kwamba kazi fulani inajirejelea, kisha kuweka kalamu chini kana kwamba amekwisha kuihakiki. Kugundua kwamba riwaya inajua kuwa ni riwaya ni sawa na kugundua kwamba nyumba ina mlango. Swali la uhakiki linaanza hapo: mlango huo unamwingiza nani, unamfungia nani nje, na ni nani anayelipa kodi? Kazi inayoikejeli dhuluma na kuiendeleza haina budi kuhukumiwa kwa kuiendeleza. Kazi inayomfanya msomaji aone mkono wake mwenyewe katika dhuluma hiyo inastahili kusomwa tena, hata kama imetoka chini ya mwaka mmoja baada ya ile ya kwanza na hata kama ilitengenezwa kwa tamaa ya fedha.

Maureen Evans hakuwa na nadharia. Alikuwa na malalamiko ya haki, akayasema, akaingia ukumbini, akafa mbele ya watu waliokuwa wakishangilia. Uhakiki unaomtaja kama mfano wa kinaya na kumpita umekaa katika viti vile vile, na haujavua kinyago chake.